Bonde Kwenye Kiti cha Mtengeneza Saa

Mama Misumari alipewa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake, wala si kwa ukali wa maneno. Maneno yake yalikuwa machache na laini. Ila akishaanza kukivalisha kiti kitambaa, alikuwa anajaza misumari midogo mdomoni kama mtu anayebugia karanga, kisha anaisukuma kwa ulimi, mmoja baada ya mwingine. Unatokea katikati ya midomo, kichwa kikiwa mbele, nyundo yake yenye sumaku inaudaka, tak, tak, umeshaingia kwenye mbao. Baba yake ndiye aliyemfundisha hivyo. Mkono mmoja unavuta kitambaa, mkono wa pili umeshika nyundo, sasa misumari itakaa wapi kama si mdomoni? Kwa hiyo wateja walishazoea kuzungumza na mtu anayejibu kwa kichwa. Ukimwuliza, anatikisa kichwa. Ukimtania, anacheka kwa macho.

Karakana yao ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele, kinachotazama barabara, ndimo vilimokaa vitu vilivyokwisha kutengenezwa, vikisubiri wanunuzi: makabati ya vyombo yenye vioo, meza za miguu iliyochongwa, kitanda cha mbao nyeusi kilichokuwa kikimsubiri mwenye chumba cha kukitosha. Vyote vilikuwa vya zamani, vilivyonunuliwa kwa watu waliohama au waliofiwa, vikakwanguliwa rangi, vikaungwa, vikasuguliwa mpaka vikarudi ujana. Chumba cha nyuma ndicho cha kazi. Humo mume wake alikuwa na kona yake ya gundi na vanishi, na yeye alikuwa na yake ya vitambaa, karibu na dirisha. Mamamkwe wake, ambaye nyumba yake ilikuwa uani pamoja na banda la kuku, alikuwa anakuja na kigoda chake kila asubuhi, anachambua maharage huku akisikiliza wateja.

"Redio yangu ni hawa," alikuwa akisema. "Tena haili betri."

Siku mtengeneza saa alipoleta kiti chake, Mama Misumari alikuwa amelalia kochi zima, kitambaa amekivuta mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Angekiachia kidogo tu, kazi yote ya asubuhi ingekunjamana. Mdomo ulikuwa umejaa.

Mzee huyo alikuwa amekwisha kustaafu, lakini mtaa mzima ulimjua kwa jicho lake la kulia, ambalo lilibaki limekunja kope kana kwamba bado limebana lenzi. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliopita. Kiti kilishushwa kutoka kwenye mkokoteni taratibu, kimefungwa shuka. Kilikuwa kiti cha mikono, mbao ya rangi ya damu ya mzee, miguu imepinda kidogo, kikalio cha kitambaa kijani kilichofifia. Alikinunua hapahapa, enzi za baba yake Mama Misumari, kikiwa cha zamani tayari na kimetengenezwa upya, akampa mkewe walipooana.

Mzee alisimama karibu na kochi akazungumza. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama wanavyozungumza watu waliofanya kazi na vitu vidogo. Mama Misumari alisikia "mkono", akasikia "umelegea", akasikia kwamba anakwenda kukaa kidogo kwa mwanawe na atarudi mwezi ujao. Mengine yalipita juu ya mlio wa nyundo. Alitikisa kichwa kukubali. Mzee akaongeza jambo, naye akatikisa tena.

"Basi, fundi, nimekuamini," alisema mzee.

Hiyo aliisikia vizuri.

Mchana ule ule mamamkwe alifunga mzigo wake akaenda kwa binti yake aliyejifungua, akamsaidie kuogesha mtoto. Karakana ikabaki bila redio wala msikilizaji.

Mume aliutoa mkono wa kiti, akasafisha gundi ya zamani iliyokuwa imegeuka vumbi la kahawia, akatia mpya, akaubana kwa jiliwa. Kazi ya mkono ikaishia hapo. Kiti kikakaa juu ya benchi la Mama Misumari kikisubiri gundi ikauke, naye akawa anakipita, anakitazama.

Kikalio kilikuwa na bonde. Lilikuwa kama bakuli la kina kifupi, limezama zaidi upande wa kushoto wa mtu akikaa. Siku ya pili aliweka kiganja chake pale. Kiganja kikaingia chote, kama kimekaribishwa. Kitambaa cha mahali pale tu kilikuwa kimelainika kama ncha ya sikio. Mkono wake ukasita. Mkono wa fundi huwa unatangulia kujua, na mkono ule ulijua: hapa alikaa mtu mmoja, miaka mingi, kwa mtindo mmoja. Lakini kichwa kikasema, hizi ni springi zilizochoka, mzee atafurahi.

Akakipindua kiti, akachana kitambaa cha chini, akakutana na fundo la baba yake. Angelijua hata gizani: kamba inazungushwa mara mbili, mkia unachomekwa ndani usionekane. Hapo angesimama. Badala yake kikamjia kiburi, kile cha mtoto anayetaka mzazi aone kwamba amemzidi. Akatia wembe. Kamba ikakatika kwa mlio mdogo, kama mtu anayekohoa chumba cha pili.

Alifunga mikanda mipya, akaweka springi mpya, akajaza sponji nene la kisasa, akavika kitambaa kijani kipya chenye mng'ao. Usumba wa zamani, zile nyuzi za makumbi ambazo baba yake alizijaza kwa mkono, alizitia kwenye gunia. Mume akalibeba mpaka bandani, akawatandikia kuku wa mama yake wanaotaga. Kitambaa cha zamani kikatupwa kwenye mfuko wa matambara.

Kikalio kilituna kama shavu la mtoto aliyeshiba.

"Aa, hiki sasa ni kiti cha jaji," alisema mumewe, akizunguka na tambara lake la vanishi. "Mzee akikikalia ataanza kuhukumu watu."

Mama Misumari alicheka. Usiku alilala vizuri, na jambo hilo la kulala vizuri ndilo lililomuumiza zaidi baadaye alipolikumbuka.

Mamamkwe alirudi mwisho wa juma, amechoka, ananukia poda ya mtoto. Aliweka kigoda chake mahali pake, akachukua ungo, akanyanyua macho. Akayashusha. Akayanyanyua tena.

"Kile kiti ni cha nani?"

"Cha mtengeneza saa, mama. Umekiona kilivyopendeza?"

Ungo ukatua sakafuni.

"Mwanangu! Si alikwambia kikalio usikiguse?"

Mama Misumari alikuwa na misumari mdomoni. Alisimama nayo, hakuitema wala hakuimeza.

"Alisema hapahapa, mimi nimekaa hapa, wewe umelalia kochi pale. Alisema, 'Mkono tu, fundi. Kikalio msikiguse, wala msikipige vumbi. Mke wangu bado amekaa humo.' Wewe ukatikisa kichwa. Akasema tena, 'Hata mimi mwenyewe sikikalii.' Ukatikisa tena! Nikajua umesikia."

Misumari ilitoka mdomoni moja kwa moja sakafuni, ikatawanyika. Mume alitoka kwenye kona yake na tambara mkononi, akamtazama mkewe, akamtazama mama yake.

"Hakusikia," alisema.

"Sikusikia," alisema Mama Misumari, na papo hapo kiganja chake kikamwasha, kile cha kulia, kama kimeshika pilipili. Masikio hayakusikia, kweli. Lakini kiganja? Hilo hakulisema. Aliinama akaokota misumari, mmoja mmoja, akichelewesha makusudi asije akanyanyua uso.

Jioni walikaa kushauriana. Mume alikuwa na lake moja tu na hakutoka hapo.

"Mwambie. Akirudi, mwambie. Atakasirika, atatutukana, basi."

"Nimwambie nini? Kwamba mkewe nimemtupia kuku?"

"Maneno gani hayo."

"Ndiyo yenyewe!"

Mamamkwe alikuwa akikunja na kukunjua kona ya kanga yake. Kisha akasema, "Lile bonde lilitengenezwa na nini?"

"Mama?"

"Nauliza. Lilichongwa na patasi? Lilitengenezwa na makalio. Basi, makalio ninayo."

Mume alifunika uso kwa tambara la vanishi, akakumbuka kuwa lina vanishi, akalitoa akiwa na doa la kahawia puani. Wangecheka siku nyingine. Siku ile walitazamana tu. Na Mama Misumari, ambaye alijua fika kwamba njia fupi ilikuwa ni ile ya mumewe, alisimama akachukua taa akaenda bandani, mamamkwe nyuma yake.

Usumba haukutoka kirahisi. Kuku walikuwa wameshaupangilia wanavyotaka, na jike mmoja mwekundu alikuwa ameatamia mayai juu yake, anapandisha manyoya na kudonoa kila mkono unaomkaribia.

"Huyo mwache mpaka aangue," alisema mamamkwe. "Hata yeye amekaa mahali pake."

Maneno hayo yalimchoma Mama Misumari kuliko mdomo wa kuku. Walichukua uliobaki, wakaufua kwenye karai maji matatu, wakauanika juu ya bati, wakauchambua nyuzi kwa nyuzi. Alibomoa sponji lake zuri. Alizitoa springi za zamani kwenye kopo alimozitupa, akazifunga upya kwa fundo la baba yake, akauchomeka mkia wa kamba ndani usionekane. Kitambaa kilichofifia alikitoa kwenye matambara, akakiunga kingo kwa vipande vya rangi ya kufanana, akakivika. Kiti kikawa kile kile, ila kikalio kilikuwa kimetuna na hakina habari ya mtu yeyote.

Ndipo mamamkwe akaanza kazi.

Alikaa asubuhi, akakaa mchana baada ya kula. Alichambulia maharage humo, akasinzia humo, akawasuta wateja akiwa humo. Marehemu alikuwa mwembamba kuliko yeye, kwa hiyo Mama Misumari alimwekea mito miwili ya kumbana pembeni, na bado alikuwa akipita na kumkumbusha.

"Mama, egemea kushoto."

"Nimeegemea."

"Zaidi kidogo."

"Mwanangu, nikiegemea zaidi nitamwagika. Huyo mwanamke alikuwa anatafuta nini huko kushoto?"

"Sijui, mama."

"Basi ungemwuliza mumewe kabla hajaondoka. Aa, samahani. Ulikuwa na misumari."

Hakuwa na nia mbaya. Ulimi wake ndivyo ulivyokuwa. Mama Misumari aliondoka akaenda kujishughulisha na kabati ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Siku moja waliingia maharusi, watu wa kushikana mikono, wakanunua meza ya kujipambia yenye kioo. Mama Misumari aliwapa maelekezo ya baba yake ambayo alikuwa akimpa kila mnunuzi: wasiiweke juani, mbao ya zamani inapasuka kwa jua, wasiifute kwa kitambaa kibichi, kwanza vumbi kwa kitambaa kikavu, kufuata mistari ya mbao, kisha tone la mafuta, si kijiko, tone, wasiiburute bali wainyanyue, miguu ndiyo ya kwanza kuvunjika moyo.

"Na mkikuta alama ya kikombe au mkwaruzo wa zamani," aliendelea kwa mazoea, "msikimbilie msasa. Mara nyingine alama ni..."

Bibi harusi alikuwa akimsubiri amalize.

"Ni nini?"

"Ni ya mwenye meza," alisema.

Bwana harusi alikuwa ameshachungulia chumba cha nyuma. "Na kile kiti cha bibi?"

"Hakiuzwi."

"Kiti au bibi?"

"Wote wawili!" alijibu mamamkwe kutoka ndani. "Na mimi nina gharama zaidi, mwanangu, maana nakula."

Maharusi wakaondoka wakicheka. Mama Misumari alikaa kwenye ukingo wa kile kitanda cheusi akajishika viganja. Kila siku bonde lilikuwa linakua. Kila siku alilipapasa, na kila siku lilikuwa linafanana zaidi na lile lililopotea, na kadiri lilivyofanana ndivyo alivyozidi kujiona mwizi anayerudisha mkufu wa bati mahali pa dhahabu.

Mtengeneza saa alirudi asubuhi moja, amenyoa, amevaa koti, kana kwamba anakwenda kumchukua mtu kituoni. Mwenye mkokoteni alisubiri nje. Mamamkwe alikuwa ameshahamia kwenye kigoda chake, anachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Mzee aliushika mkono wa kiti akautikisa. Haukucheza. Akamtazama mume, akatikisa kichwa kwa heshima, fundi kwa fundi. Kisha akanyoosha kiganja, akakitua ndani ya bonde.

Kiganja kilikaa. Lile jicho la kulia lililokuwa limekunja kope siku zote likalegea, likafumba. Uso wote ukashuka, kama mtu aliyevua viatu vya kubana.

"Nilikuwa na wasiwasi," alisema polepole. "Kule kwa mwanangu nilikuwa naamka nikifikiria, sijui kama walinielewa. Asanteni. Mungu awabariki, fundi."

Ilikuwa imekwisha. Mwenye mkokoteni alikuwa ameshaingia, ameshainama akishika miguu ya kiti. Mume alikuwa anaangalia dirisha. Mamamkwe alikuwa ameinamia maharage yale yale.

Mama Misumari alijaribu kunyamaza. Alibana midomo kama ana misumari ndani. Lakini mzee alimpa mkono wa kuagana, akaupokea kwa kiganja kile kile, na hapo akashindwa.

"Baba, siyo yeye," alisema. "Humo. Siyo yeye."

Alisema yote, amesimama, macho kwenye viatu vya mzee. Alisema wembe na sponji na kuku. Alisema jinsi walivyoufua usumba kwenye karai. Alisema mamamkwe na mito. Na alipofika mwisho, akaona bado hajafika, akasema na lile ambalo mumewe hakulijua.

"Nimewaambia hawa kwamba sikusikia. Ni kweli sikusikia. Lakini niliweka mkono pale kabla sijakata, baba, na mkono ulijua kwamba kuna mtu. Nikakata."

Mwenye mkokoteni alikiachia kiti taratibu akatoka nje, ingawa hakuna aliyemwambia.

Mzee alikuwa bado ameushika mkono wake. Akauachia. Akakitazama kiganja chake mwenyewe, kile kilichokuwa ndani ya bonde sasa hivi.

"Ungenyamaza," alisema.

"Baba..."

"Ungenyamaza tu, binti yangu. Sasa hivi hapa nilikuwa nimempata. Wewe umekuja na mzigo wako, ukautua. Umeutua wapi? Umeutua juu yangu." Hakupaza sauti. Angepaza sauti ingekuwa nafuu. "Watu walikuwa wakiniletea saa iliyovunjika kioo. Nilikuwa nabadilisha kioo. Sijawahi kufungua tumbo la saa ya mtu kwa sababu nimeona mimi ningeiendesha vizuri zaidi."

Mamamkwe alisimama, maharage yakaporomoka kwenye mapaja. "Baba, mimi ndiye niliyekaa. Nilikaa kwa heshima. Sikukaa vibaya."

Mzee alimgeukia, akamtazama kama ndiyo kwanza anamwona.

"Ulikuwa unaegemea?"

"Kushoto. Mpaka leo nyonga inaniuma."

"Naam," alisema mzee. "Alikuwa anaegemea kushoto."

Akamwita mwenye mkokoteni. Kiti kilifungwa shuka lake, kikapandishwa; mamamkwe akamfuata mzee mpaka kwenye mkokoteni, akamnong'oneza jambo, kiti kikaondoka. Mama Misumari alisimama mlangoni mpaka kikapotea kwenye kona, naye mumewe akaja akasimama nyuma yake. Alitegemea angemwambia, umefanya vizuri kusema, maana ndiye aliyeshauri hivyo tangu mwanzo. Hakumwambia. Alimwekea mkono begani, akauondoa, akarudi kwenye vanishi yake.

Tangu siku hiyo Mama Misumari alikuwa akiweka kopo la bati kando ya goti lake, misumari inakaa humo. Kazi ikawa ya polepole, na mara nyingi anachukua miwili badala ya mmoja. Mteja akiingia tu, anaweka nyundo chini. Wateja walishangaa kugundua kwamba kumbe fundi ana sauti. Mamamkwe alisema sasa redio yake imekuwa na watangazaji wengi mno.

Ilipita miezi kabla Mama Misumari hajapata ujasiri. Alikwenda nyumbani kwa mtengeneza saa mchana, na chupa ndogo ya mafuta na kitambaa kikavu, kisingizio alichokitafuta njia nzima: kila kiti kilichotoka kwao kinastahili kuangaliwa mbao. Mlango ulifunguliwa. Mzee alimtazama, akaitazama chupa.

"Ingia. Sijakusamehe, lakini ingia."

"Najua, baba."

Chumba kilikuwa safi, saa za ukutani zikipishana sauti kidogo kidogo. Kando ya dirisha palikuwa na meza yake ya kazi, na upande wa kulia wa meza, mbali na jua, palikuwa na kiti. Gazeti lilikuwa limewekwa kwenye mkono wake mmoja, miwani juu ya gazeti. Kikalio kilikuwa kimezama, si kushoto tu, bali kote, bonde pana lisilo na adabu, lililotengenezwa na mtu anayejitupa kitini bila kufikiri.

Mzee aliona alikokuwa akitazama. "Nakikalia," alisema. "Zamani nilikuwa nakipitia mbali nisije nikamharibia. Sasa nimharibie nani?"

Mama Misumari alipiga magoti akaanza na vumbi, kufuata mistari ya mbao. Mzee alifungua kikopo alimokuwa akihifadhi vigurudumu vya saa, akatoa kitu kwa kibano, akakinyanyua kwenye mwanga. Lilikuwa nyoya dogo jekundu.

"Hili lilinichoma juzi hapa chini. Nalo ni la nani?"

"La yule jike mwekundu, baba. Aliangua mayai yote."

Mzee akaguna. Ungeweza kuuita mguno ule kicheko, kama hukuwa na haraka. Akalirudisha nyoya kikoponi pamoja na vigurudumu, akafunga kifuniko, akaketi kwenye kiti cha meza ya kazi. Ikawa zamu ya mafuta. Tone, si kijiko.

"Mamamkwe wako aliuliza marehemu alikuwa anatafuta nini kushoto," alisema baadaye. "Siku ile alinifuata mpaka kwenye mkokoteni kuniuliza. Mama yule hana breki."

"Nisamehe kwa ajili yake pia, baba."

"Alikuwa ananitafuta mimi." Alikuwa akizungumza na meza, kwa sauti ile ile ya chini. "Mimi nilikuwa hapa, lenzi jichoni, kichwa ndani ya saa ya mtu. Naye pale. Alikuwa ananisemesha, mambo ya nyumba, mambo ya mtoto. Mimi natikisa kichwa. Basi anaegemea, hivi, anachungulia uso wangu aone kama nimesikia. Miaka yote ile. Mpaka springi zikajua, mimi sijajua."

Kitambaa cha Mama Misumari kilisimama juu ya mkono wa kiti.

"Kwa hiyo siku ile wewe uliponitikisia kichwa," alisema mzee, "ningetakiwa kuwa mtu wa kwanza kujua kwamba hukusikia."

Saa zikaendelea kupishana. Mama Misumari alitamani kusema kwamba si sawa, kwamba la kwake lilikuwa na wembe ndani yake. Lakini alishajifunza kuhusu kutua mizigo kwenye nyumba za watu. Akaendelea kupaka mafuta mpaka mgongoni pa kiti, mpaka kwenye miguu iliyopinda, mpaka mbao ikang'aa kama imetoka kuoga.

Alipoaga, mzee alihamia kwenye kiti cha mkewe, akachukua gazeti na miwani. Kisha akakumbuka kumsindikiza, akanyanyuka. Kabla hajafika mlangoni aligeuka mara moja akakitazama kikalio, kama abiria anayehakikisha hajasahau kitu, na bonde lilikuwa linapanda polepole, linajaa kidogo, linarudi kuwa usumba tu, usio na mtu.